"Si Ni Utani Tu?" Hii Ndio Sababu Kurostiwa Mtandaoni Kunauma Kuliko Mchongoano wa Mtaani

Wacha tuanze na kitu unajua. Kama ulilelewa Umoja, Kayole, Kangemi ama mtaa wowote wenye watoto wengi na ukuta wa kukalia, mchongoano ulikupitia. Msee anakuambia kwenu nyumba ni ndogo hadi mkisonga ugali mwiko lazima ubaki nje. Mbogi yote inakufa kicheko. Unameza mate, unafikiria chapchap, unamrudishia kwamba mathe wake ni mkali hadi mbu wa kwao huomba ruhusa kabla ya kuuma. Raundi inageuka. Sai ni yeye anachekwa.

Ilikuwa inauma? Siku zingine ilikuwa inauma vibaya sana. Lakini cheki venye hiyo gemu ilikuwa imejengwa. Ulikuwa unamwona mwenye anakuchongoa, na yeye anakuona. Ukinyamaza na macho yaanze kujaa maji, kulikuwa na msee mkubwa kidogo wa kusema, "Basi, wachaneni na yeye." Watazamaji walikuwa wanane, kumi wakizidi. Na giza likiingia mathe anaita kutoka balkoni, gemu imeisha. Kesho yake mnapiga boli ya juala pamoja kama hakuna kitu ilifanyika.

Sasa itoe hiyo gemu mtaani uiweke kwa simu. Ondoa uso. Ondoa yule msee mkubwa. Ondoa giza, ondoa mathe. Badala ya watazamaji kumi weka elfu kumi, na wengi wao hawajui jina lako la pili. Halafu usimuulize mwenye anachongolewa kama hata anacheza. Hiyo ndio kitu tunaita kurostiwa, na ndio maana jibu la "si ni utani tu?" halishiki. Utani una pande mbili. Hii iko na upande mmoja tu, na huo upande uko na bando ya usiku kucha.

Nakuandikia kama mtu mwenye amewahi kuchekwa, na pia kama mtu mwenye amewahi kucheka na kuforwadi. Sidhani wewe uko tofauti sana.

Tulijifunzia wapi hii maneno?

Kuna wakati kuungana mtandaoni kulikuwa kunatubamba kama nchi. Machi 2013 Harambee Stars walienda Calabar kucheza na Nigeria, stori zikafika huku kwamba wamepokelewa vibaya, na Twitter ya Kenya ikashikana na ya Nigeria siku nzima kwa vicheko. Julai 2015, kabla Obama atue Nairobi, CNN ikaandika ni kama anaelekea kwa kitovu cha ugaidi. Kenyans on Twitter, wale KOT, wakaamka na #SomeoneTellCNN. Mwezi uliofuata bosi mmoja wa CNN, Tony Maddox, akapanda ndege akaja kuomba msamaha.

Tulifurahi, na enyewe tulikuwa na haki. Lakini hapo tulijifunza kitu kingine bila kujua: wasee wengi wakirusha maneno kwa wakati mmoja, hata kampuni kubwa inainama. Ngori ni kwamba hiyo mashini haichagui saizi. Leo inarushiwa CNN yenye iko na mawakili na jengo zima la watu wa kuijibia. Kesho inarushiwa manzi mmoja ako peke yake kwa bedsita.

Unakumbuka Aprili 2020? Tumefungiwa kwa nyumba, corona imeingia, hakuna mahali pa kwenda. Azziad Nasenya akarekodi video akidensi "Utawezana" ya Femi One na Mejja. Video ikaenda kila mahali, jina lake likatrendi, kila mtu anamsifu. Haikukaa sana kabla wengine wamgeukie. Picha za zamani zikachimbuliwa, wakaanza kulinganisha na kukejeli. Alikuwa amefanya nini? Alidensi. Kosa lake lilikuwa kupendwa haraka kuliko venye watu walitaka.

Na hiyo ni sababu moja yenye watu hawapendi kusema kwa sauti: wivu, pamoja na kusota. Umekaa keja mwezi wa tatu bila job, unascroli, unaona msee wa rika lako ameomoka na video ya sekunde kumi na tano. Huwezi kumfikia. Lakini komenti inamfikia. Kwa dakika moja unahisi mko saizi moja.

"Ni akaunti bandia." Kweli?

Tunapenda kusema wanyanyasaji ni watu wamejificha nyuma ya picha ya katuni. Kujificha kunachangia, hatukatai. Mwaka wa 2004 mwanasaikolojia wa Marekani, John Suler, alieleza kwa nini watu mtandaoni hufanya vitu hawawezi kufanya uso kwa uso. Hakuna mtu anakuona, huoni mwenye unamuumiza, jibu linakuja baadaye kama ushaendelea na maisha yako, na mambo yote yanakaa kama mchezo wa kufikiria tu, si kitu halisi. Soma hiyo orodha tena. Kujificha jina ni kipande kimoja tu. Kile kikubwa ni kutoona uso. Mtaani ukisema neno baya unaona midomo ya mwenzako ikitetemeka, na kuna kitu ndani yako kinakushika shati. Kwa simu hakuna wa kukushika.

Kama bado unadhani shida ni akaunti bandia, rudi Wembley, Julai 11, 2021, fainali ya Euro. Uingereza inatolewa na Italia kwa penalti. Rashford, Sancho na Saka wamekosa. Najua nusu ya ploti yenu ni Arsenal, so huyo Saka ni wenu. Alikuwa na miaka 19. Akaunti zao zikajaa matusi ya ubaguzi na emoji za nyani. Kila mtu akasema ni majina bandia. Twitter wenyewe wakachunguza, na mwezi uliofuata wakatoa jibu: kati ya akaunti walizofunga kabisa kwa sababu ya matusi ya hayo mashindano, asilimia 99 wenyewe walikuwa wanatambulika. Hawakuwa mizimu. Ni watu walikuwa na kazi, na familia, na hakuna kitu walikuwa wanaogopa, juu kila mtu alikuwa anafanya.

Hiyo "kila mtu alikuwa anafanya" ndio petroli yenyewe. Ukirusha jiwe moja peke yako unajua umerusha. Mkirusha mia moja, kila mtu anajiambia jiwe lake lilikuwa dogo. Mwenye anapigwa hahesabu hivyo. Yeye anapokea mia.

Halafu kuna ganji. Hii watu wengi hawaijui. Septemba 2021 watafiti Odanga Madung na Brian Obilo wa Mozilla walitoa ripoti kuhusu biashara ya kutrendisha hashtegi hapa Kenya. Msee anaingizwa kwa grupu ya WhatsApp, anapewa hashtegi na maneno ya kuposti, analipwa kati ya dola 10 na 15. Kati ya watu walioshambuliwa hivyo ni majaji na wanaharakati, wakati wa vita ya BBI. So kuna siku unadhani nchi yote imekasirikia mtu fulani, na wengine hapo ndani wako tu kwa shifti.

Hata bila kulipwa, mitandao yenyewe inasukuma upande huo. Mwaka wa 2017 watafiti wakiongozwa na William Brady walicheki mamia ya maelfu ya tweet za siasa wakapata kwamba kila neno moja lenye hisia na hukumu ya maadili likiongezwa, tweet ilisambaa kama asilimia 20 zaidi. Si eti watu wema hawaandiki. Wanaandika, lakini neno la upole halina miguu. Hata sisi wa hizi saiti za udaku hatuwezi kujifanya watakatifu. Kapsheni ya "amechomwa vibaya" inaleta watu kuliko kapsheni ya "ako sawa".

Na kuna ile ya karibu zaidi, yenye haina uhusiano na celeb wala siasa. Ex mwenye ameachwa na bado ako na picha. Mabeste walikosana juu ya chali. Grupu ya darasa yenye imefunguliwa nyingine kando bila wewe, na unajua iko. Hii ndio inaumiza wengi, na haitrendi popote.

Kunauma wapi hasa?

Watafiti walifanya kitu rahisi sana. Mwaka wa 2003 Naomi Eisenberger na wenzake Marekani waliweka watu kwa mashini ya kupiga picha ubongo, wakawapa gemu ya kompyuta ya kurushiana mpira. Watu watatu, mpira unazunguka. Ghafla wale wawili wanaacha kukurushia. Hiyo tu. Hakuna tusi, hakuna kofi. Na sehemu ya ubongo yenye huhusika na uchungu wa mwili ikawaka. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakaenda mbali zaidi: wakawaambia watu mapema kwamba hao wengine wawili si watu, ni kompyuta inaendesha. Bado walihisi vibaya.

Kaa na hiyo kidogo. Kutupwa nje na kompyuta kunauma. So mtu akikuambia "wapuuze, hata hawakujui", anakuomba ufanye kitu ubongo wako haukujengwa kufanya. Kwa mamilioni ya miaka kufukuzwa na kikundi kulimaanisha kulala nje na fisi. Mwili bado unakumbuka.

Ndio maana siku ya kwanza ni mwili unaongea. Simu ikivaibreti tumbo linashuka. Mikono inatoa jasho. Chakula kinakuwa kama karatasi. Unajiambia hutafungua, halafu unafungua, halafu unaweka simu chini ya mto, halafu unaitoa tena saa tisa usiku. Unasoma komenti mia tatu. Mia mbili na zaidi zinakutetea ama zimepotea njia zinauza viatu. Kichwa chako kinabeba ile moja ilisema kitu kuhusu meno yako. Miezi sita baadaye bado unacheka ukifunika mdomo.

Halafu unakuwa mpelelezi. Nani amelaiki? Huyu si tulisoma naye? Na huyu si binamu yangu? Hapo ndipo kisu kinazunguka, juu matusi ya mtu hujui ni mvua, lakini laiki ya mtu unajua ni nyumba kuvuja. Ukiingia matatu unahisi kila mtu mwenye anacheka na simu anakuchekea wewe. Labda hata anaangalia mpira.

Kisha aibu. Watu huchanganya aibu na hasira, lakini zinatembea njia tofauti. Hasira inasema wamenikosea. Aibu inasema labda wanasema ukweli. Hasira inakufanya upigie mtu simu. Aibu inakufanya uizime. Unaanza kukataa form za wikendi. Unakosa lekcha moja, mbili, wiki nzima. Mathe akiuliza unasema ni kichwa tu, juu ukimwambia ukweli atauliza ulikuwa unaposti nini, halafu atasema leta hiyo simu. Na kumnyang'anya simu mtu anaumizwa mtandaoni ni kama kumfungia nje ya nyumba juu mwizi ameingia: mabeste wake wachache wa kumtetea pia walikuwa ndani ya hiyo simu.

Machali nao wanafundishwa kusema "nimezoea". Wengi hawajazoea. Wanapitisha. Ule msee mwenye anachoma watu kila siku kwa komenti, chimba kidogo, mara nyingi utapata siku alichomwa na hakuna mtu alisema basi.

Na usidhani kusoma sumu ni kitu ngozi huzoea ukifanya sana. Hapa Nairobi kulikuwa na vijana walioajiriwa kuchuja machafu ya Facebook ili wewe usiyaone. Wengi wao walienda kortini, na Desemba 2024 ikajulikana kwamba zaidi ya 140 walipimwa na kupatikana na PTSD, ule ugonjwa wa kiwewe unaopata hata wanajeshi. Wao waliona mambo mazito kuliko matusi, ni kweli. Lakini hao walikuwa wanasoma mambo ya watu wengine. Wewe unasoma mambo yako.

Uchungu ukikaa sana unaweza kufika mahali mtu anahisi dunia ingekuwa sawa bila yeye. Nasema hii wazi juu inatokea, na juu wakati mwingi kuna mtu karibu mwenye angeuliza. Ukiona beste amenyamaza ghafla, amefuta akaunti zote, anagawa vitu vyake, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiumiza. Kuuliza hakumpi hiyo idea. Na kama ni wewe, jua kitu kimoja kimebadilika: zamani kujaribu kujiua kulikuwa kosa kwa Penal Code, na watu waliogopa kusema ukweli hata hospitali. Januari 9, 2025, High Court ilisema hicho kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Kupiga 1199 ya Red Cross ni bure. Befrienders Kenya wako kwa 0722 178 177. Kama hujafika miaka 18, Childline ni 116, bure pia.

Rada ya kisheria, kwa ufupi

Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 ilileta kifungu cha 27 kuhusu kumsumbua mtu mtandaoni, na adhabu ya hadi shilingi milioni 20 ama miaka 10 ndani, ama zote mbili. Oktoba 2025 Bunge na Rais wakakirekebisha, watu wakakimbia kortini, na ndani ya siku chache High Court ikasimamisha vipande vyake kwa muda. Sababu ya hiyo vita unaijua: sheria ya kulinda mtu anatukanwa inaweza kugeuzwa kufunga mtu anakosoa serikali. Mimi naona wenye walienda kortini walikuwa na pointi. So kabla ujenge kesi juu ya 27, uliza wakili imesimama wapi.

Kifungu cha 37 ni kingine. Hicho ni cha picha za siri: ukisambaza za mtu mwingine unaweza kupigwa faini hadi laki mbili ama miaka miwili jela. Laki mbili. Kuna simu zinauzwa hiyo bei hapo Moi Avenue. Lakini ndio hiyo iko, na inagusa pia yule mwenye "aliforwadi tu".

Kama ni picha zako zimetoka, au mtu anakutishia nazo, usimlipe, atarudi. Enda StopNCII.org: simu yako inageuza picha kuwa namba ya siri, picha yenyewe haitoki kwako, na mitandao iliyojiunga kama Facebook, Instagram na TikTok inatumia hiyo namba kuizuia. Walio chini ya miaka 18 wako na Take It Down, inafanya kazi hivyohivyo. Laini ya 1195 ya dhuluma za kijinsia pia inashika hizi kesi.

Kabla ubloki mtu, piga skrinshoti kwanza. Ionyeshe jina la akaunti, tarehe na link. Watu wengi hufuta kila kitu kwa uchungu, halafu wakifika polisi kuchukua namba ya OB hawana kitu mkononi. Zitumie beste mmoja unayemwamini azihifadhi, ndio wewe usibaki ukizisoma kila usiku.

Na kama wewe si mwenye anachomwa, wewe ni ule msee wa kando kwa ukuta, usiingie kwa komenti kupigana. Hiyo inasukuma posti juu zaidi. Iripoti, halafu toka hapo umpigie yeye simu. Piga, usitume emoji. Mwambie uko chini ya ploti na smokie mbili na kachumbari, ashuke.